Wiki moja kabla ya hedhi sijitambui. Je, chakula na mitishamba vitanitosha?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa na tuna mtoto mmoja. Nakuandikia nikiwa ndani ya zile siku zenyewe, kwa hiyo uniwie radhi kama kuna neno litatoka vibaya.

Kila mwezi, wiki moja hivi kabla ya kuingia siku zangu, mwili na akili vinanigeuka. Matiti yanajaa na kuuma hata kulala kifudifudi siwezi. Tumbo linavimba, sketi ya kazini inakataa kufunga. Usiku nagaagaa, asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Napata uchu wa vitu vitamu na vyenye chumvi, nakula hadi najichukia. Lakini kubwa kuliko yote ni hasira. Kikombe kikiachwa mezani tu, nalipuka. Namfokea mume wangu, namfokea mtoto, kisha najifungia bafuni nalia peke yangu. Hedhi ikishashuka, siku ya pili au ya tatu naamka mwepesi, nacheka na watu, na kazi yangu inakuwa kuomba radhi nyumba nzima.

Mume wangu si mtu mbaya, ila amechoka. Juzi aliniambia, "Wanawake wote wanaingia siku zao, mbona kwako tu ndiyo inakuwa vita?" Lile neno limeniingia na halijatoka.

Wifi yangu amenipa unga wa mitishamba, anasema unasafisha kizazi na kusawazisha homoni. Kwenye mfuko hawajaandika kuna nini ndani, wameandika tu "asilia asilimia 100". Rafiki yangu wa kazini naye ananiambia niache chumvi, sukari, kahawa, ngano na maziwa, vyote kwa mpigo, halafu nimeze vidonge vya vitamini B6 kama yeye, asubuhi na jioni. Mimi dawa za hospitali sizipendi, na isitoshe tunafikiria kutafuta mtoto wa pili, kwa hiyo ningependa njia ya chakula na vitu vya asili. Nikueleze ukweli wa mlo wangu: asubuhi sili, nakunywa kahawa. Mchana nakula chochote kilicho karibu. Usiku ndiyo nakula haswa.

Naomba uniambie: homoni zangu zimeharibika? Nile nini, niache nini? Huu unga niunywe?

Kuna jambo moja sikutaka kuliandika. Mwezi uliopita, usiku mmoja kabla ya hedhi, niliwaza kwamba nyumba hii ingekuwa na amani zaidi kama mimi nisingekuwepo. Kesho yake damu ilishuka na lile wazo likapotea. Nadhani ulikuwa uchovu tu.

Binti yako mwenye siku mbaya

*

Marahaba, binti yangu.

Nitajibu yote uliyouliza, lakini naanza na lile ambalo hukutaka kuliandika. Nashukuru kwamba uliliandika. Mtu anapowaza kwamba wenzake wangekuwa na amani bila yeye, hilo halipitishwi kwa jina la uchovu, hata kama lilikaa usiku mmoja. Mawazo ya namna hii yanaweza kuja na mzunguko wa hedhi na kuondoka nao, na kwa kuwa yanaondoka, mwanamke hujiambia yamekwisha. Kisha mwezi unazunguka na anayakuta yakimsubiri.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha hata mlo mmoja, nakuomba ufanye mambo mawili. Mwambie mtu unayemwamini, na kwa jinsi ulivyomweleza mume wako naona anafaa, maneno yale yale uliyoniandikia mimi, bila kuyapunguza. Na upange kumwona daktari mwezi huu huu. Usingoje kwanza uone kama chakula kimefanya kazi. Likirudi wazo hilo kwa nguvu, au ukajikuta unafikiria namna ya kujidhuru, usikae nalo peke yako hadi kuche: mwamshe mumeo, akupeleke hospitali usiku huo huo. Sema wazi unachowaza. Hata kama unajua hedhi inashuka kesho, nenda.

Sasa tuje kwenye maswali yako.

Homoni zako kwa uwezekano mkubwa hazijaharibika. Yai hupevuka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Baada ya hapo ovari hutoa projesteroni kwa wingi pamoja na estrojeni, na yai lisiporutubishwa, homoni hizo mbili hushuka katika siku za mwisho kabla ya damu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mwanamke anayepevusha yai, anayeumia na asiyeumia. Wanawake wenye dalili kali wakipimwa damu, viwango vyao kwa kawaida havitofautiani na vya wenzao. Tofauti iko kwenye ubongo unavyopokea kupanda na kushuka huko.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika New England Journal of Medicine ambao natamani kila mume angeusoma. Watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani waliwapa wanawake dawa ya kutuliza ovari. Wale waliokuwa na dalili za kabla ya hedhi na wakapata nafuu kwa dawa hiyo, walirudishiwa estrojeni au projesteroni, na dalili zao zikarudi. Wanawake ambao hawajawahi kuwa na shida hii walipitishwa njia ile ile, wakapewa homoni zile zile, na hisia zao hazikubadilika. Hilo ndilo jibu la swali la mume wako. Ni kweli wanawake wengi huingia siku zao. Si wote ambao ubongo wao huyumbishwa na mabadiliko hayo, na hakuna anayechagua.

Ndiyo maana nikisikia kitu kinauzwa kwa ahadi ya "kusawazisha homoni" nasita. Kinasawazisha nini, kama vipimo viko sawa? Nitaurudia unga wa wifi yako.

Kitu cha kwanza kukiandaa ni daftari. Nunua dogo, liweke karibu na kitanda, na kila usiku andika tarehe, kama kuna damu au hakuna, kisha upe alama hasira, huzuni, wasiwasi, usingizi, matiti na tumbo: 0 kama haipo, 3 kama imekuzidi. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili mfululizo, siku nzuri na mbaya sawasawa. Andika pia siku uliyolala vibaya kwa sababu ya mtoto au uliyogombana na bosi. Kumbukumbu zetu huwa haziko sawa hapa. Siku tukiwa na hasira kabla ya hedhi tunaihesabu, siku tukiwa na hasira katikati ya mwezi tunaisahau. Daftari likionyesha kwamba baada ya damu kukoma unapata angalau wiki moja ya utulivu wa kweli, basi shida inafuata mzunguko. Likionyesha kwamba huzuni ipo mwezi mzima na huzidi tu kabla ya hedhi, hiyo ni habari nyingine. Huenda kuna sonona, au tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri, au damu imepungua, na hayo hutibiwa kwa njia zake. Daktari atalithamini daftari hilo kuliko kipimo chochote cha homoni. Ila, narudia, miadi usiicheleweshe kwa ajili ya daftari. Nenda na kurasa ulizo nazo.

Katika chakula, ningeanza na saa zako za kula kabla ya orodha ya vyakula. Unapita asubuhi na kahawa tupu, mchana unaokoteza, usiku ndiyo unakula. Kwa mtu ambaye tayari ana usingizi mbaya na hasira za karibu, kushinda na njaa ni kuongeza kuni kwenye moto. Na ule uchu unaokufanya ujichukie una sababu ya kimwili: baada ya yai kupevuka, wanawake wengi huwa na hamu kubwa zaidi ya kula. Si ulafi. Mwili ukiomba chakula ukaunyima kutwa nzima, jioni utakuelekeza kwenye kitu kitamu kuliko vyote kilichomo nyumbani.

Kwa hiyo kula asubuhi, hata kidogo, na uweke kitu chenye protini: yai, mtindi, maharage, karanga. Katika zile wiki mbili za mwisho, gawanya chakula chako kiwe kidogo kidogo kila baada ya saa tatu au nne. Wanga uutakao ule, lakini chagua ule usiokobolewa, wenye nyuzinyuzi, kwa sababu unamng'enywa polepole na hauachi njaa ya ghafla. Matumbo yanayojaa hutulia pia ukila milo midogo badala ya mmoja mzito wa usiku.

Halafu kuna kalsiamu, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu rafiki yako amekushauri uache maziwa, na mimi nakushauri kinyume chake. Katika virutubisho vyote vinavyotajwa kwa ajili ya dalili za kabla ya hedhi, kalsiamu ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka. Mwaka 1998 jarida la madaktari wa wanawake la Marekani lilichapisha jaribio la wanawake 466. Wengine walipewa miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Kufikia mzunguko wa tatu, jumla ya alama za dalili ilikuwa imeshuka kwa asilimia 48 kwa waliomeza kalsiamu. Kwa waliomeza kidonge kitupu ilishuka kwa asilimia 30.

Zisome namba hizo zote mbili. Kidonge kitupu peke yake kilionekana kuleta nafuu ya karibu theluthi moja! Ndiyo maana ushuhuda wa "mimi nilitumia nikapona" hauniridhishi, hata ukitoka kwa mtu mkweli. Lakini kalsiamu ilizidi kidonge kitupu kwa pengo linaloonekana, na ilichukua miezi. Usiijaribu kwa wiki mbili ukaitupa.

Anza kwa chakula. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Mtindi na maziwa mgando vinakaribiana na hapo, na kama maziwa matamu hukujaza gesi, mtindi kwa kawaida huvumilika zaidi. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri sana. Ufuta unayo. Mboga za majani zinayo pia, ingawa mchicha na jamii yake huishikilia kalsiamu yake kiasi kwamba mwili huambulia kidogo, kwa hiyo usiutegemee mchicha peke yake. Ukipiga hesabu ya siku yako ukaona uko mbali na miligramu 1,000, hapo ndipo vidonge vinakuwa na maana. Meza visivyozidi miligramu 500 kwa mara moja, pamoja na chakula, kwa sababu zaidi ya hapo mwili haunyonyi vizuri. Ukiwahi kupata mawe ya figo, au kuna dawa unayotumia kila siku, muulize mfamasia kwanza. Na kidonge cha kalsiamu usikimeze wakati mmoja na kidonge cha madini ya chuma. Kalsiamu huzuia chuma kunyonywa.

Nimetaja chuma. Kama hedhi yako ni nzito, omba upimwe wingi wa damu. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huchoka, hukosa subira, na hulaumu hedhi kwa kila kitu. Nyama, maini, maharage, dengu na mboga za majani zina chuma, na tunda lenye vitamini C kwenye mlo huo huo husaidia chuma cha mimea kunyonywa. Ila kwa kuwa mnatafuta mtoto, maini uyale mara moja moja tu, maana yana vitamini A nyingi na ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Kahawa na chai zisogeze saa moja mbali na chakula, kwa sababu zinazuia chuma.

Vidonge vya B6 vya rafiki yako vinanitia wasiwasi, hasa kwa ajili yake yeye. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 1999 yalisema kwamba hadi miligramu 100 kwa siku huenda ikasaidia, lakini yakasema pia kwamba tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu. Tatizo ni kwamba B6 ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu: ganzi na kuchomachoma kwenye vidole na nyayo. Ndiyo maana mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Marekani bado wanatumia kikomo cha miligramu 100. Mwambie asome kichupa chake kina miligramu ngapi kwa kidonge kimoja, kisha azidishe kwa viwili. Kama ameshaanza kusikia ganzi, aache na amwone daktari. Wewe unaweza kuipata B6 kwa chakula: samaki, kuku, viazi, ndizi, dengu. Kwa njia hiyo huwezi kuizidisha.

Magnesiamu nayo husifiwa. Tafiti zake ni ndogo na hazikubaliani. Karanga, mbegu na mikunde zinayo ya kutosha, na kwa vyovyote vile zinafaa kuwa mezani. Vidonge vyake vinaweza kukuharisha.

Sasa vile vya kuacha. Ngano huna sababu ya kuiacha kama haikudhuru siku nyingine. Chumvi ipunguze wiki ile tumbo linapojaa, hasa iliyofichwa kwenye vyakula vya paketi na vya kukaangwa, lakini usitarajie muujiza. Sukari ukila saa zako vizuri utaona hamu yake inapungua yenyewe, na kipande cha chokoleti baada ya mlo hakijamharibia mtu mwezi. Kahawa inasingiziwa sana: utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2016, haukukuta kwamba wanywaji wa kahawa walipata dalili hizi zaidi ya wengine. Lakini wewe hulali. Kwa hiyo kahawa yako iishie mchana, na isiwe badala ya kifungua kinywa. Pombe ndiyo ningekuambia uiache kabisa kama unakunywa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika BMJ Open, uliokusanya tafiti 19, ulikuta kwamba wanaokunywa wana uwezekano zaidi wa kuwa na shida hii, na wanaokunywa sana zaidi ya hapo. Hilo halithibitishi kwamba pombe ndiyo chanzo, huenda wengine hunywa kwa sababu wanaumia, lakini huharibu usingizi na hushusha moyo, na kwa anayetafuta mimba haifai hata hivyo.

Usiache vitu vitano kwa siku moja. Utakuwa na njaa, utakuwa na hasira, na hata ukipata nafuu hutajua ni kipi kilichosaidia. Mwezi huu rekebisha saa za kula na kalsiamu. Mwezi ujao ongeza jingine. Daftari litakuambia.

Juu ya dawa za asili, mimi si adui yake. Tangawizi ina ushahidi wa haki kwa maumivu ya tumbo ya siku za kwanza za damu, na ukipenda kuichemsha uinywe siku hizo, sina neno. Kwa hasira na huzuni za wiki iliyotangulia sitakudanganya kwamba itakusaidia. Mmea uliofanyiwa kazi ya maana zaidi kwa dalili za kabla ya hedhi unaitwa Vitex agnus-castus. Mwaka 2001 BMJ ilichapisha jaribio la wanawake 170: waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa asilimia 52 kwa waliotumia mmea huo, na asilimia 24 kwa waliopewa kidonge kitupu. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini walitumia dondoo iliyopimwa, miligramu 20 kwa siku, kila kidonge sawa na kingine. Tena mmea huu unagusa homoni zenyewe, kwa hiyo haufai kwa mjamzito, wala kwa anayetafuta mimba kama wewe, wala kwa anayetumia dawa za homoni. Kwa sasa uache.

Mafuta ya primrosi, yanayouzwa kwa bei kubwa kwa kazi hii hii, yalipopimwa kwa makini hayakushinda kidonge kitupu. Na kuna mmea wa maua ya njano, Hypericum perforatum, unaotumiwa kwa huzuni. Huo unahitaji tahadhari ya kweli: hupunguza nguvu za vidonge vya kuzuia mimba na za baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, na ukichanganywa na dawa za sonona unaweza kuleta hatari ya maisha. Naandika hili kwa ajili yako na kwa wasomaji wengine wanaotumia dawa kimyakimya na hawatauliza.

Ule unga usiunywe. Wifi yako alikupa kwa upendo na umshukuru, lakini mfuko usiotaja kilichomo hauwezi kuwa dawa ya mtu anayetafuta mimba. Neno "asilia" halielezi ni mmea gani, ni kiasi gani, wala umekaushwa wapi. Unga wa aina hii umewahi kukutwa na risasi, ile madini yenye sumu, na mwingine kuchanganywa na dawa za viwandani bila kuandikwa. Mimea mingine huumiza ini, mingine husababisha kizazi kubana. Na kizazi hakihitaji kusafishwa. Hedhi yenyewe ndiyo inayofanya kazi hiyo kila mwezi. Ukienda kwa daktari nenda na mfuko wake, hasa kama umeshauonja.

Mazoezi nitayataja kwa ufupi kwa sababu unayajua: kutembea kwa haraka nusu saa, siku nyingi za wiki, mwezi mzima, si wiki ile mbaya tu. Kwa matiti, sidiria inayoshika vizuri, hata usiku, hupunguza maumivu. Dawa kama ibuprofeni usimeze ovyo wakati huu mnapotafuta mtoto; muulize daktari ni ipi inakufaa.

Tukirudi kwa daktari. Kwa ulivyoeleza, ukali wa hasira, kilio, na lile wazo la usiku ule, ningetaka uulize waziwazi kuhusu hali inayoitwa PMDD. Ni aina kali ya dalili za kabla ya hedhi, na tangu mwaka 2013 imo rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Shirika la Afya Duniani nalo limeiorodhesha. Wanawake wachache wanayo, lakini walio nayo huumia kweli kweli, na hapo ndipo chakula kinapofika mwisho wa uwezo wake. Maziwa na kifungua kinywa vitausaidia mwili wako. Lile giza halitibiwi kwa mtindi, na sitaki uhangaike na mlo miezi sita ukijilaumu kwamba hujala vizuri vya kutosha.

Najua dawa za hospitali huzipendi. Sikia kwanza zilivyo. Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la fluoksetini na sertralini, zinazogusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia. Kwa sonona ya kawaida huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, lakini kwa hali hii mara nyingi nafuu huanza ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo wanawake wengine huzimeza siku zile za kabla ya hedhi tu, kisha huacha hadi mwezi unaofuata. Kuna pia tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, isiyo na kidonge hata kimoja, na ambayo ina ushahidi wake. Baadhi ya vidonge vya kuzuia mimba pia hutumika, ila kwenu havitafaa kwa sasa. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba mnatafuta mtoto ili achague kwa kuzingatia hilo. Na akikujibu kwamba "ni mambo ya kawaida ya wanawake", mwoneshe daftari, mtajie lile wazo, na kama bado hajakusikia, tafuta mwingine.

Kuhusu mume wako, chagua siku ya utulivu, wiki ile baada ya damu kukoma. Siku ya ugomvi hakuna atakayesikia. Mweleze lile la ubongo na homoni kama nilivyokueleza, kisha mkubaliane mambo ya kufanya wiki ile mbaya ikifika: nani anamlaza mtoto, nani anapika, ni mazungumzo gani ya fedha yasubiri. Mkubaliane na neno moja ambalo ukilisema, yeye anajua unahitaji robo saa chumbani peke yako na hakuna atakayekufuata kwa maswali. Naye umwombe kitu kimoja: asikuulize "uko kwenye siku zako?" katikati ya mabishano, hata kama ni kweli, kwa sababu wakati mwingine utakuwa na haki ya kukasirika na swali hilo litaifuta.

Mtoto naye usimsahau. Ukimfokea, mwambie baadaye kwa lugha yake kwamba mama alikuwa anajisikia vibaya na si kosa lake. Watoto hudhani wao ndio chanzo.

Miadi na daktari ipange leo, kabla hujaifunga barua hii, na umwombe mume aende nawe.

Shangazi yako